Kadi ya Kliniki Isiyomuuliza Mama

Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina kifungu cha 199 ambacho nje ya mahakama husomwa na wachache. Kinamhusu mwanamke aliyesababisha kifo cha mwanawe asiyetimiza miezi 12. Iwapo wakati wa tendo hilo akili yake ilikuwa imeyumba kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kujifungua, au kwa sababu ya kunyonyesha, sheria inaelekeza asitiwe hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Kosa lake lina jina lake pekee, kuua mtoto mchanga, na adhabu yake hupimwa kama ya mtu aliyeua bila kukusudia. Kenya wana kifungu cha aina hiyohiyo, namba 210. Mzizi wa vyote viwili uko Uingereza, ambako Bunge lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1922 na kuipanua mwaka 1938.

Kwa hiyo dola inajua, tena kwa miaka mingi. Jaji anajua, wakili wa serikali anajua, kwamba uzazi unaweza kumyumbisha mtu akili na kwamba hali hiyo ni maradhi. Tatizo ni mahali maarifa hayo yalipowekwa. Yamefungiwa mahakamani, nayo hutolewa kabatini mtoto akishazikwa. Kule zahanati, ambako mama huyohuyo alikwenda mara nne au mara nane akiwa na mimba, kisha kila mwezi na mtoto mgongoni, ni nadra mtu kumuuliza: na wewe mwenyewe, unapata usingizi?

Yeyote aliyewahi kumsindikiza dada au mke kliniki anaijua asubuhi ile. Kadi zimepangwa mezani kwa kufuata aliyewahi. Mizani inaning'inia kwenye boriti. Mtoto anavalishwa kile kikaptula cha kupimia, anapiga kelele, uzito unatajwa kwa sauti, na nesi anatia nukta kwenye mchoro. Nukta ikipanda, mama anasifiwa. Ikishuka, anasemwa mbele ya wenzake: mtoto humnyonyeshi? Kadi ya mjamzito nayo ina safu ya shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU, malaria, kimo cha mimba. Mwili umepata safu zake zote, kuanzia shingoni kushuka.

Si haki kuzibeza safu hizo. Takwimu rasmi za Tanzania zinaonyesha kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kukaa na mwanamke anayevuja damu usiku huku gari linatafutwa. Lakini hesabu hiyo ina ukingo wake. Kifo cha uzazi, kwa tafsiri inayotumika duniani, ni kile kinachotokea wakati wa mimba au ndani ya siku 42 baada yake. Mama aliyejinyonga mtoto akiwa na miezi mitano hayumo. Uingereza huwa wanaendelea kuwafuatilia wazazi hadi mwaka mzima, wakichunguza kila kifo kimoja kimoja, na ripoti zao zimerudia jambo lilelile: kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya mimba, kujiua ndiko kunakoongoza miongoni mwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi. Si kutoka damu wala kifafa cha mimba. Wao walilijua hilo kwa sababu hawakufunga daftari siku ya 42.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ulimwenguni kote karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua karibuni wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango kiko juu zaidi: asilimia 15.6 wakati wa mimba na 19.8 baada ya kujifungua. Benchi la kliniki likiwa na akina mama kumi wenye watoto mapajani, wawili kati yao.

Neno sonona limo kamusini na katika semina, lakini mtaani halina wenyewe. Watu husema ana mawazo. Husema hana raha, amekonda, amekuwa mkali, mtoto akilia anamwangalia tu. Wengine husema kichwa kinawagonga na mwili hauna nguvu, wakapewa panadol na vidonge vya kuongeza damu. Na pana tofauti ambazo wakunga wazoefu wanazijua hata kama hawazitaji kwa majina ya kitabuni. Yako machozi ya siku ya tatu au ya nne, yanayompata mzazi aliye mzima kabisa na kukauka yenyewe ndani ya wiki mbili. Iko sonona yenyewe, inayokaa miezi na kumla mtu polepole. Halafu kiko kichaa cha uzazi, adimu, mama mmoja au wawili katika kila elfu, kinachoanza ghafla na kuhitaji hospitali siku hiyohiyo. Sera inayoyachanganya matatu haya itamtisha wa kwanza, itampuuza wa pili na kumchelewesha wa tatu.

Hapa historia inapita karibu na nyumbani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alikuwa akifundisha Makerere. Alifanya utafiti kwa wanawake 263 wa Uganda, wenye mimba na wasio nayo, na akaelezwa kuhusu maradhi ambayo Waganda huyaita amakiro: mzazi anayepagawa baada ya kujifungua, anayeweza hata kumdhuru mwanawe. Sababu iliyotajwa na wenyeji ilikuwa uasherati wakati wa mimba. Msikilizaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa hapa pia mtoto akidhoofu, kabla ya kuulizwa amekula nini, itaulizwa nani amembemenda. Mgonjwa anageuzwa mshitakiwa, naye akishajua kwamba ndivyo atakavyotazamwa, ananyamaza.

Baadaye Cox alikwenda Scotland, akawalinganisha wanawake wa kule na wale wa Uganda, na mwaka 1987, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, akatoa kipimo cha sonona ya uzazi kinachoitwa kipimo cha Edinburgh. Ni karatasi moja yenye maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Hakiulizi habari za usingizi mwepesi au uchovu kama vile hizo pekee ndizo dalili, maana mzazi yupi asiyechoka? Kinauliza kama bado anacheka, kama anajilaumu bila sababu, kama anaogopa bila kujua anachokiogopa. Swali la mwisho ni kama wazo la kujidhuru limemjia. Kipimo hicho sasa kimetafsiriwa kwa lugha nyingi duniani, Kiswahili kikiwemo, na asili yake imo kwa sehemu katika mazungumzo ya mama wa Kiganda na daktari mgeni.

Tatizo la swali ni jibu. Mama akisema ndiyo, nesi atafanya nini? Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, na madaktari bingwa wa akili wa nchi nzima wanaweza kuketi katika ukumbi mdogo. Kumwambia mama wa Namtumbo aende hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, kwa sababu halali na hana hamu ya kula ni sawa na kutomwambia kitu. Ndiyo maana mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua yanaliweka jambo hili kwa tahadhari: wazazi wachunguzwe sonona na wasiwasi, lakini uchunguzi uambatane na huduma kwa wale watakaoonekana wanazihitaji. Kuuliza na kuacha mtu njiani ni vibaya kuliko kutouliza.

Jibu bora kwa swali hilo halikutoka nchi tajiri. Lilitoka wilaya ya Rawalpindi, Pakistan. Nchi hiyo tangu 1994 ina wahudumu wa afya wanawake wanaotembea nyumba kwa nyumba, wasichana na akina mama waliomaliza sekondari, kila mmoja akiwa na kijiji au mtaa wa watu wapatao elfu moja. Daktari Atif Rahman na wenzake waliwafundisha baadhi yao njia rahisi ya kuzungumza na mjamzito mwenye sonona: kuyatambua mawazo yanayomrudisha nyuma, kuyapima, kuweka jambo dogo la kufanya kabla ya ziara inayofuata. Jumla ya ziara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mtoto anapokaribia mwaka. Kundi lingine lilitembelewa mara hizohizo bila mafunzo hayo. Walishiriki akina mama 903. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 53 ya waliotembelewa kwa kawaida walikuwa bado na sonona. Kwa wale waliotembelewa na wahudumu waliofundishwa ilikuwa asilimia 23. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008, na kazi hiyo baadaye ikawa mwongozo rasmi wa Shirika la Afya Duniani.

Lililo na mafunzo zaidi kwa mtunga sera ni namna walivyobisha hodi. Hawakuingia nyumbani wakisema mke wako, au mkwe wako, ana ugonjwa wa akili. Walisema wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto. Mama mkwe, ambaye katika nyumba nyingi za kule ndiye mwenye sauti, akaketi kusikiliza, kwa kuwa mjukuu ni wa wote. Ulikuwa ujanja, ndiyo, lakini ujanja wenye ukweli ndani yake: watoto wa akina mama waliohudumiwa waliharisha mara chache zaidi na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Ukuaji wao kwa uzito na kimo, hata hivyo, haukutofautiana sana na wa wengine, na watafiti walisema hivyo waziwazi. Mazungumzo hayashibishi mtoto.

Zimbabwe walipita njia nyingine. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati na kufundishwa kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Hata asiyejua Kishona analisikia neno lile likigongana na mawazo mengi ya Kiswahili. Utafiti uliotolewa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi wa benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi ya namna hiyo yamefika hadi Zanzibar. Hayakubuniwa kwa ajili ya wazazi pekee, lakini bibi anayejua kusikiliza hahitaji wizara imfafanulie kuhusu mwanamke aliyejifungua.

Sasa turejee kwetu, ambako watu wa kufanya kazi hii wapo tayari. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili wawili mitaani na vitongojini. Kenya ilikuwa imetangulia: Septemba 2023 zaidi ya wahudumu 100,000 walikabidhiwa mikoba yao ya kazi. Ndani ya mikoba mna vifaa vya kupimia shinikizo la damu na joto la mwili. Hakuna kifaa cha kupimia mawazo, na hakihitajiki. Yanahitajika mafunzo ya siku chache, msimamizi wa kuwatembelea, na posho inayolipwa kwa wakati. Hilo la mwisho lisemwe kwa sauti. Mtu anayeombwa kusikiliza huzuni za kaya mia moja huku posho yake ina miezi minne haijafika, ni yeye atakayehitaji benchi.

Wapo wanaosema haya yote yalikuwa na dawa yake zamani. Wana haki kiasi. Katika pwani yote, mzazi alikuwa na arobaini yake. Alirudi kwa mama yake, akakandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga na supu, mtoto akapokewa usiku ili mama alale. Uchagani alikuwa na mtori wake. Bila kuitwa hivyo, ilikuwa sera ya afya ya akili yenye bajeti, watumishi na muda maalumu. Lakini wanaoisifu husahau kwamba katika chumba hichohicho cha arobaini alikaa pia shangazi aliyemcheka aliyezaa kwa kisu, na aliyesema mbele yake kwamba mtoto hafanani na baba. Na leo mama amejifungulia Mbagala, mama yake mzazi yuko Songea, mume ni dereva wa lori na yuko barabara ya Tunduma. Siku ya kumi anachota maji mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Baba anapata siku tatu. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, baba ana wiki mbili, na tofauti hiyo si ya mambo ya kifamilia tu: machozi ya siku ya tatu huwa yanaanza baba wa Kitanzania akiwa ameshavaa kurudi kazini. Na hayo ni ya mwajiriwa. Mama lishe, mkulima wa korosho na anayeuza samaki Feri hawana wa kumwomba likizo. Likizo yao ni akiba yao, au jirani.

Kuna sehemu ya sera hii ambayo wizara ya afya haiwezi kuibeba peke yake. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2017 uliwafuatilia wanawake zaidi ya elfu moja tangu mimba, na karibu mmoja kati ya wanane alionekana na dalili za sonona baada ya kujifungua. Kwa waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa mimba, uwezekano ulikuwa kama mara tatu. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa tu apumzike na asiwaze sana, anadhihakiwa. Anahitaji dawati la jinsia la polisi lililo wazi Jumamosi usiku, na pa kulala. Vivyo hivyo kwa msichana aliyezaa akiwa shuleni. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani, hakuna aliyeitangaza kuwa sera ya afya ya akili, ingawa ni vigumu kuona ni kitu gani kingine kingemwondolea mzazi wa miaka 16 kukata tamaa kuliko hicho.

Kisha liko lile swali la kumi la Edinburgh, la kujidhuru. Kifungu cha 217 cha Kanuni ileile ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na katiba. Kufikiria kujidhuru si kosa, lakini mama aliyemeza dawa ya panya mwezi uliopita na kuokolewa na jirani haendi kuisoma sheria ili aone mpaka uko wapi. Akiulizwa na mtu aliyevaa sare, atasema ni mzima, namshukuru Mungu. Sheria moja, katika kurasa zilizofuatana, inamhurumia aliyemuua mtoto na kumtishia aliyejaribu kujiua mwenyewe.

Waganga wakuu watauliza habari ya muda, na ni swali la haki. Maswali 10 ya Edinburgh huchukua kama dakika tano. Nesi mwenye akina mama 40 kwa asubuhi moja atatumia dakika 200 kwa hilo tu, na mizani bado inamngoja. Lakini hata VVU vilikuja na swali hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisemwa kwamba kumpima kila mjamzito haiwezekani, muda hautoshi, aibu ni kubwa, waume watakasirika. Leo safu ya VVU imo kadini na hakuna anayeishangaa. Na kwa sonona ipo njia fupi: mwaka 1997 daktari Mary Whooley wa San Francisco na wenzake walionyesha kwamba maswali mawili yanatosha kuwachuja wanaohitaji kuongezewa mengine. Katika mwezi uliopita, umekuwa ukisumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Umekuwa hufurahii mambo uliyokuwa ukiyafurahia?

Maswali mawili hayahitaji chumba wala daktari. Mhudumu wa mtaa aliyefundishwa anaweza kuyauliza pale bencheni kwa sauti ya chini, kabla jina halijaitwa, akaandika ndiyo au hapana pembeni mwa kadi. Kisha mtoto anapimwa, nukta inatiwa, na wale wawili katika kumi wanabaki nyuma kidogo wenzao wakiondoka.